Zifahamu sehemu za seva ya raki, mashine inayobeba huduma za Serikali mtandaoni

Mwananchi wa Kata ya Kifanya, katika Halmashauri ya Mji Njombe, anapolipia ushuru au kibali kwa namba ya malipo ya Serikali, hupata ujumbe wa uthibitisho kwenye simu yake baada ya muda mfupi. Katika muda huo taarifa za malipo yake zimesafiri kwa mawimbi hadi kwenye mnara wa simu, zikaingia katika nyaya za mawasiliano, zikafika kwenye kompyuta iliyo mbali na macho yake, zikasomwa, zikaandikwa na kujibiwa. Kompyuta hiyo ndiyo seva. Inapozimika, mlipaji hukosa risiti, muuguzi hukosa faili la mgonjwa na mhasibu hukosa hesabu za siku, hata kama simu, mnara na mtandao vyote ni vizima.

Makala haya yanaeleza sehemu zinazounda seva ya raki, yaani seva bapa inayofungwa kwenye kabati la chuma, na sababu ya sehemu nyingi kati ya hizo kuwekwa mbili mbili. Yanamlenga mwananchi anayetaka kuelewa huduma za mtandaoni, diwani anayekagua miradi, mjumbe wa kamati ya kituo cha afya na mtumishi anayepokea vifaa vya umma.

Mahali seva zilipo

Nchini Tanzania, shughuli za Serikali Mtandao zinaratibiwa, kusimamiwa na kukuzwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019. Mifumo mingi inayotumiwa na mikoa na halmashauri huhifadhiwa katika vituo vya data, kikiwemo Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, kinachoendeshwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL). Taarifa kutoka mikoani huvifikia vituo hivyo kwa sehemu kubwa kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009.

Hata hivyo, si seva zote zilizo Dar es Salaam au Dodoma. Hospitali, chuo au ofisi inaweza kuwa na seva yake ndani ya jengo, ili kazi iendelee pale mawasiliano ya nje yanapokatika. Seva ya namna hiyo ndiyo inayohitaji uangalizi zaidi, kwa kuwa haina jopo la mafundi wanaokesha nayo.

Raki na kipimo chake

Raki ni fremu au kabati la chuma lenye nguzo zilizotobolewa matundu kwa vipimo vinavyofanana duniani kote. Bamba la mbele la kifaa cha raki lina upana wa inchi 19, sawa na milimita 482.6. Kimo hupimwa kwa kizio kinachoitwa U, na U moja ni milimita 44.45. Raki ya kawaida katika kituo cha data ina nafasi ya U 42, takriban mita 1.87 za kufungia vifaa. Seva nyingi zina kimo cha U moja au U mbili.

Kwa sababu ya kipimo hicho cha pamoja, seva ya kampuni moja inaweza kufungwa kwenye raki ya kampuni nyingine, jambo linaloiepusha taasisi ya umma kufungwa na muuzaji mmoja. Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, reli za kutelezesha seva hutofautiana kwa aina ya seva, hivyo ni lazima zitajwe kwenye zabuni pamoja na seva yenyewe. Pili, seva nyingi zina kina kinachozidi sentimita 70. Kabati dogo la ukutani lililonunuliwa kwa ajili ya swichi ya mtandao halitaweza kuipokea, wala ukuta hautastahimili uzito wake, kwani seva ya U mbili iliyojazwa diski inaweza kufikia kilo 30 na huinuliwa na watu wawili.

Chesisi

Chesisi ni sanduku la bati linaloshika sehemu zote. Upande wa mbele una nafasi za diski, swichi ya kuwasha na taa za ishara. Upande wa nyuma una vitengo vya umeme, matundu ya nyaya za mtandao na nafasi za kadi za ziada. Katikati hukaa safu ya feni, na nyuma yake prosesa na kumbukumbu. Juu ya prosesa huwekwa kifuniko cha plastiki kinachoelekeza hewa. Kifuniko hicho huonekana kama pambo lisilo na kazi, lakini fundi akiliacha nje, hewa hupita pembeni na prosesa hupata joto.

Seva nyingi zina swichi ndogo inayotambua kwamba mfuniko wa chesisi umefunguliwa na kuandika tukio hilo kwenye kumbukumbu za mashine. Kwa kifaa kinachohifadhi taarifa za wananchi, kumbukumbu hiyo ni ushahidi wa ukaguzi.

Ubao mama, prosesa na kumbukumbu

Ubao mama, ambao mafundi huuita madabodi, ndio unaounganisha kila sehemu na nyingine. Katika seva za kawaida hubeba prosesa moja au mbili. Prosesa hufanya hesabu na kutekeleza maagizo ya programu, na juu yake hufungwa kipoza joto cha chuma chenye mapezi membamba yanayopitiwa na hewa.

Kando ya prosesa zimo safu za kumbukumbu ya muda, yaani RAM, ambamo kazi zinazoendelea huwekwa. Kumbukumbu ya seva hutofautiana na ya kompyuta ya mezani kwa kuwa hujisahihisha. Katika aina iliyoenea, kwa kila biti 64 za taarifa huongezwa biti 8 za kuhakiki. Biti moja ikigeuka kimakosa, mashine huisahihisha papo hapo, na zikigeuka mbili, hutambua kosa na kulitolea taarifa. Biti moja iliyogeuka inaweza kubadili tarakimu katika kipimo cha dawa au kiasi cha fedha bila mtu yeyote kuona. Ndiyo maana kompyuta ya mezani iliyobatizwa jina la seva haifai kushika kumbukumbu za hospitali au mapato, hata ikiwa na kasi kubwa.

Kadi za ziada, kama za mtandao au za kuongoza diski, huchomekwa kwenye njia za PCIe. Kwa kuwa chesisi ni bapa, kadi hizo hulazwa kwa msaada wa kibao cha kati kinachosimama juu ya ubao mama.

Diski na kidhibiti chake

Diski ndizo zinazobaki na taarifa baada ya umeme kuzimwa. Zipo za kuzunguka, ambazo hutoa nafasi kubwa kwa bei nafuu, na zipo za kielektroniki zisizo na sehemu inayozunguka, ambazo ni za kasi zaidi. Diski za seva hukaa kwenye vishikio vinavyochomolewa kwa mbele, na katika seva nyingi fundi huweza kubadilisha diski mbovu huku mashine ikiendelea kufanya kazi.

Uwezo huo hutokana na mpangilio uitwao RAID, ambao hutawanya taarifa kwenye diski kadhaa. Katika RAID 1, diski mbili huandikwa kitu kilekile. Mbili za terabaiti 4 hutoa nafasi ya terabaiti 4, na moja ikifa nyingine huendelea. Katika RAID 6, nafasi ya diski mbili hutumika kuhifadhi taarifa za kujenga upya zilizopotea. Diski 6 za terabaiti 2 hutoa nafasi ya terabaiti 8, na mfumo hustahimili kufa kwa diski 2. Mkaguzi anayeona diski zenye jumla ya terabaiti 12 huku nafasi ya kutumia ikiwa 8 asidhani kwamba nyingine zimepotea. Hiyo ndiyo bei ya usalama.

Kazi hiyo husimamiwa na kadi ya kidhibiti. Vidhibiti vingi hushikilia kwa muda taarifa zinazosubiri kuandikwa, na hulindwa na betri ndogo au kapasita umeme unapokatika ghafla. Betri hiyo huchakaa baada ya miaka michache na inapaswa kuwemo katika ratiba ya matengenezo.

Umeme

Kitengo cha umeme, maarufu kama pawasaplai, hubadili umeme wa volti 230 wa gridi kuwa umeme wa volti ndogo unaotumiwa na ubao mama. Seva nzuri huwa na vitengo viwili, kila kimoja na waya wake. Kimoja kikiungua, kingine hubeba mzigo wote bila mtumiaji kutambua, na kilichoungua hubadilishwa bila kuzima mashine.

Sharti lake ni kwamba kitengo kimoja peke yake kiweze kubeba seva nzima. Seva inayotumia wati 500 ikiwa na vitengo viwili vya wati 800 iko salama. Seva inayotumia wati 1,000 ikiwa na vitengo hivyohivyo haina akiba yoyote, ingawa kwa macho mashine hizo mbili zinafanana.

Katika ukanda wa Njombe, upatikanaji wa umeme wa gridi ya Taifa uliimarishwa na njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, yenye urefu wa takriban kilomita 250, iliyokamilika mwaka 2018. Pamoja na hatua hiyo, kukatika kwa muda mfupi na radi za msimu wa mvua, unaoanza takriban Novemba, bado ni mambo ya kupangiwa. Pawasaplai yenyewe huweza kustahimili kukatika kwa umeme kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Dakika zinazofuata, kabla ya jenereta kuwaka, hubebwa na betri za UPS. Aidha, waya wa ardhini, yaani athi, ni lazima upimwe na fundi mwenye sifa, kwa kuwa raki yote ni ya chuma.

Gharama ya uendeshaji nayo ikokotolewe mapema. Seva inayotumia wati 500 mfululizo humaliza uniti 12 kwa siku, sawa na uniti 360 kwa mwezi wa siku 30, kabla ya kuhesabu kiyoyozi.

Feni, hewa na miinuko ya Njombe

Karibu umeme wote unaoingia kwenye seva hutoka kama joto. Feni huvuta hewa baridi kutoka mbele, huipitisha juu ya diski, kumbukumbu na prosesa, na kuisukuma nje kwa nyuma. Kwa sababu hiyo seva zote katika raki hutazama upande mmoja, na nafasi zilizo wazi hufunikwa kwa mabamba ili hewa ya moto isirudi mbele. Feni huwekwa kadhaa, na moja ikisimama nyingine huongeza kasi.

Wati 500 za joto ni sawa na takriban BTU 1,700 kwa saa. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaweza kuondoa takriban wati 3,500, hivyo kinatosha kwa seva chache, mradi kisiwe kimoja pekee kinachotegemewa mchana na usiku.

Mtu anaweza kudhani kwamba baridi ya Njombe huondoa tatizo la joto. Ni kweli kwamba hewa ya nje ni ya ubaridi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo, mji wa Njombe upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na hubeba joto kidogo kuliko hewa ya pwani. Kwa daraja la vifaa linalojulikana kama A2, mwongozo wa ASHRAE, jumuiya ya wahandisi wa mifumo ya joto na ubaridi yenye makao Marekani, unaruhusu hadi nyuzi 35 za Sentigredi katika maeneo ya chini, na kupunguza nyuzi 1 kwa kila mita 300 zinazozidi mita 900. Kwa mita 2,000, kikomo hicho hushuka hadi takriban nyuzi 31. Kiwango kinachopendekezwa kwa uendeshaji wa kila siku ni kati ya nyuzi 18 na 27.

Chumba kidogo kilichofungwa madirisha kwa usalama, kisicho na kiyoyozi wala tundu la kutolea hewa, huweza kuvuka nyuzi 31 hata katika Julai, kwa joto la mashine zenyewe. Vilevile, seva iliyosafirishwa usiku kwenye baridi na kuingizwa katika chumba chenye joto inaweza kupata matone ya unyevu ndani yake. Inashauriwa kuiacha kwenye kasha kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Mtandao na kompyuta ndogo ya usimamizi

Nyuma ya seva kuna matundu mawili au zaidi ya nyaya za mtandao, ili waya mmoja ukikatika mwingine uendelee. Mara nyingi huwepo pia tundu la pekee la kompyuta ndogo iliyomo kwenye ubao mama. Kompyuta hiyo hubaki hai hata seva ikiwa imezimwa, mradi umeme umeunganishwa. Kupitia kwake fundi aliye mbali anaweza kuona joto, kasi ya feni na hali ya diski, na hata kuiwasha au kuizima seva. Kampuni ya Dell huiita iDRAC, na HPE huiita iLO.

Kwa ofisi iliyo mbali na makao ya mafundi, sehemu hii huokoa safari. Kwa sababu hiyohiyo ni mlango unaohitaji ulinzi. Nenosiri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza, na tundu hilo liunganishwe na mtandao wa ndani wa usimamizi, kamwe lisiachwe wazi kwenye intaneti.

Viwili vinavyotegemea kimoja

Kama ilivyoelezwa, wabunifu wa seva wameweka diski, vitengo vya umeme, feni na nyaya kwa wingi unaoruhusu mojawapo kufa bila huduma kusimama. Ulinzi huo hupotea mara nyingi nje ya sanduku. Nyaya mbili za umeme zikichomekwa kwenye ekstensheni moja, kuungua kwa ekstensheni huzima vitengo vyote viwili. Nyaya mbili za mtandao zikiingia kwenye swichi moja, swichi hiyo ndiyo inayoamua uhai wa huduma. Inafaa waya mmoja wa umeme utoke kwenye UPS moja na wa pili kwenye UPS au saketi nyingine.

Vivyo hivyo, RAID haichukui nafasi ya nakala rudufu. Diski zote zimo ndani ya sanduku moja. Moto, wizi, radi au mtumishi aliyefuta faili kwa bahati mbaya huziathiri zote kwa pamoja, kwa kuwa kilichofutwa kwenye moja hufutwa kwenye zote. Nakala rudufu huwekwa katika jengo jingine au mji mwingine, na hujaribiwa kwa kurejeshwa. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haina uthibitisho kwamba inafanya kazi.

Mambo ya kukagua seva inapopokelewa

Kamati ya mapokezi haihitaji kuwa na mhandisi wa kompyuta ili kuhakiki mambo ya msingi. Ikiwa na hati ya zabuni mkononi, inaweza kuuliza yafuatayo:

1. Je, namba ya utambulisho iliyoko kwenye chesisi inalingana na iliyoko kwenye hati ya makabidhiano na dhamana?
2. Je, aina na idadi ya prosesa, kiasi cha kumbukumbu na idadi ya diski zinazoonekana kwenye skrini ya mashine ni zilezile zilizolipiwa?
3. Je, vitengo vya umeme ni viwili, na kimoja kinaweza kubeba mzigo wote?
4. Je, reli, nyaya za umeme na mabamba ya kuziba nafasi vimeletwa?
5. Je, kitengo kimoja cha umeme na diski moja vikichomolewa mbele ya kamati, huduma inaendelea?
6. Je, chumba kina UPS, athi iliyopimwa, kiyoyozi na kipimajoto?
7. Je, nani atapokea taarifa taa ya kaharabu itakapowaka, na kwa muda gani atachukua hatua?

Jaribio la tano lifanywe na fundi wa muuzaji kabla taarifa halisi hazijaingizwa. Swali la saba husahaulika zaidi. Mashine yenye diski mbili ikipoteza moja huendelea kufanya kazi kama kawaida, na hapo ndipo hatari ilipo: huduma haijasimama, hakuna anayelalamika, na taa inawaka katika chumba kilichofungwa hadi diski ya pili inapokufa.

Seva inapostaafu

Seva inayoondolewa kazini hubaki na taarifa ndani ya diski zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Diski zifutwe kwa njia inayothibitika au ziharibiwe, na kumbukumbu ya kazi hiyo iandikwe, kabla chesisi haijauzwa kwa mnada au kukabidhiwa kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki. Ubao mama, betri na nyaya zisitupwe jalalani wala kuchomwa, kwa kuwa zinaweza kuwa na metali zenye madhara kwa udongo na maji.

Sehemu nyingine za chesisi, zikiwemo reli, feni na vitengo vya umeme vilivyo vizima, zinaweza kutunzwa kama vipuri vya seva za aina hiyohiyo zinazoendelea kutoa huduma. Orodha ya vipuri hivyo iandikwe kwenye daftari la mali za taasisi, ili fundi anayehitaji feni moja asisubiri ununuzi mpya wakati wananchi wako kwenye foleni.